Kutia nanga karibu na matumbawe: maswali ambayo mabaharia wa Ziwa Kivu huuliza mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa Bukavu, kutoka kwa vijana na wazee wa Bukavu, Goma na Idjwi ambao wamezoea vyombo vya ziwani na ambao, kwa kazi ya kuajiriwa au kwa safari yao wenyewe, wanateremka kwenda pwani ya Bahari ya Hindi kuendesha mashua za tanga. Nimeyajibu kwa kadiri nilivyofundishwa na manahodha wa pwani, na kwa kadiri bahari yenyewe ilivyonifundisha katika misimu niliyofanya kazi kati ya Unguja, Pemba na Mafia. Asiye na muda wa kusoma yote asiruke majibu matatu: la kuutambua mchanga, la kujaa na kupwa kwa maji, na la mnyororo.

Mimi nimekulia ziwani. Kwa nini nijifunze upya jambo dogo kama kutia nanga?

Kwa sababu ziwa letu halikutufundisha kutia nanga. Lilitufundisha kufunga kamba. Kivu lina kina kinachofikia mita 485, na mahali pengi ufuko wake unaporomoka ghafla, hata mtu akisogea urefu wa chombo kimoja kutoka kwenye mawe, nanga yake inaning'inia bila kugusa chini. Ndiyo maana sisi hufunga chombo kwenye mti, kwenye jiwe la volkano au kwenye nguzo ya gati, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, hukesha wakielea na taa zao pasipo kuwaza habari ya nanga. Tena maji ya Kivu tunayoyaacha jioni ndiyo tunayoyakuta asubuhi, kwa kimo kile kile.

Pwani mambo hayo yote yanageuka. Utasimama katika maji ya mita tatu, tano au nane, ambayo yatapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na chini yako kutakuwa na kitu chenye uhai ambacho hakipo ziwani hata kidogo, kwa kuwa matumbawe yanayojenga miamba huhitaji maji ya chumvi, yenye joto na yenye mwanga wa jua. Mkono wako unaojua kamba utakusaidia sana. Macho yako ndiyo yanayohitaji shule mpya.

Tumbawe ni jiwe, mmea au mnyama?

Ni mnyama, au tuseme ni mji wa wanyama. Kila tumbawe ni mkusanyiko wa viumbe vidogo vyenye miili laini, vinavyojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili hiyo huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wake. Rangi nyingi tunazozipenda kwenye mwamba ni za mwani huo. Bahari ikipata joto kupita kiasi mwani hufukuzwa, tumbawe hubaki jeupe, na hali hiyo ikiendelea tumbawe hufa. Miamba mingi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi ilipigwa vibaya namna hiyo mwaka 1998.

Kwa baharia, jambo la kushika ni kasi ya ukuaji. Matumbawe yenye matawi, yanayofanana na pembe za paa, yanaweza kurefuka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, yaliyo kama kichwa au chungu kilichofunikwa, mengi huongezeka sentimita moja tu kwa mwaka, au hata pungufu ya hapo. Kichwa cha tumbawe chenye kimo cha mita moja kinaweza kuwa na umri wa miaka 100. Nanga ya kilo 20 inakipasua kwa sekunde moja.

Lakini je, nanga haishiki vizuri zaidi kwenye tumbawe kuliko kwenye mchanga? Jiwe ni gumu, mchanga ni laini.

Hili ndilo kosa la kwanza la watu wa ziwani, nami nililibeba kutoka Bukavu hadi baharini. Nanga haishiki kwa sababu ya ugumu wa chini. Inashika kwa sababu inazama na kujizika, na kadiri mashua inavyovuta ndivyo inavyochimba zaidi. Mchanga unairuhusu kufanya kazi hiyo. Tumbawe haliiruhusu: ncha ya nanga hudandia kwenye tawi au kwenye ukingo, na kuanzia hapo mambo hayawi ila mawili. Ama tawi linavunjika usiku upepo ukizidi, nanga inaburuzwa na mashua inakwenda kupanda mwambani. Ama nanga inajibana katika ufa, mnyororo unasimama wima, na kila wimbi linaikurupusha mashua hadi kitu kikatike.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kulihurumia tumbawe ni kukihatarisha chombo. Mahali panapofaa kwa nanga ni pale pale ambapo tumbawe halipo.

Nitautambuaje mchanga nikiwa juu ya mashua?

Kwa rangi ya maji, kwa jua na kwa subira.

Maji ya buluu nzito ni maji ya kina kirefu. Yakianza kugeuka kuwa ya buluu-kijani yenye kung'aa, kama kioo kilichopakwa rangi, unaingia kwenye mchanga wa maji mafupi, na kadiri rangi inavyokaribia weupe ndivyo kina kinavyopungua. Rangi ya kahawia au ya manjano iliyokolea ni tumbawe lililo karibu sana na uso wa maji, hapo usisogee. Madoa meusi au ya kijani kibichi katikati ya mchanga yanaweza kuwa vichwa vya matumbawe au nyasi bahari, na kwa mbali hayatofautiani kirahisi: mara nyingi tumbawe lina kingo kali na kivuli chake, ilhali nyasi zina kingo zilizofifia na huonekana kuyumba.

Rangi hizi zinaonekana tu jua likiwa juu na likiwa nyuma yako. Manahodha walionifundisha walikuwa hawaingii mahali penye miamba kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa tisa alasiri, na walikuwa hawakubali kuelekea jua hata kama njia ingekuwa fupi. Mtu mmoja husimama mbele kabisa, kwenye omo, au hupanda mlingotini akiweza, kwa kuwa kadiri jicho linavyokuwa juu ndivyo linavyopenya maji. Avae miwani ya jua ya aina inayoondoa mng'ao wa uso wa maji. Inasaidia kuliko nilivyowahi kuamini kabla ya kuivaa. Mwingine hushika usukani, na wawili hao hukubaliana mapema ishara za mkono, kwa sababu upepo hula maneno. Wingu likifunika jua, ramani ya rangi inafutika pale pale. Simamisha chombo, ngoja wingu lipite.

Ukifika ukiwa umechelewa na jua limeshuka, geuka. Kaa nje kwenye maji marefu hadi asubuhi. Najua uchovu wa mwisho wa siku unavyoshawishi, lakini kutia nanga gizani mahali penye matumbawe usipopajua ni kutupa chuma usichojua kitaangukia wapi.

Je, kipima kina cha umeme hakitoshi?

Kinakuambia umbali wa chini, nacho ni msaada mkubwa. Lakini kinapima chini ya chombo tu, si mbele yake, na kichwa cha tumbawe kinaweza kusimama kama nguzo kutoka mita 8 hadi mita 1 ndani ya hatua mbili: kufikia wakati namba zinaanza kushuka, umeshagonga. Wazee wa pwani wanatumia pia timazi ya risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama, ambayo chini yake kuna tundu dogo la kupakwa mafuta mazito. Ikirudi na punje za mchanga, chini ni mchanga. Ikirudi safi au imekwaruzwa, chini ni mwamba. Chombo hicho hakihitaji betri, na fundi yeyote wa Bukavu anaweza kukitengeneza.

Kujaa na kupwa kunabadilishaje hesabu ya nanga?

Kunaibadilisha yote. Kwenye pwani ya Zanzibar na Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50, kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele kidogo. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Mtu aliyelelewa Kivu na akasikia habari hizi kwa mara ya kwanza huona kama anatiwa chumvi; akisimama ufukoni Unguja siku ya bamvua na kuona mashua zilizokuwa zinaelea asubuhi zimelala ubavu kwenye mchanga mkavu, anaamini.

Tufanye hesabu. Umefika maji yakiwa yamekupwa, na kina ni mita 4. Jedwali la maji linasema yatapanda mita 3. Kutoka usoni mwa maji hadi pale mnyororo unapotokea kwenye omo kuna mita 1. Kina cha kuhesabia ni 4 na 3 na 1, yaani mita 8, na ukitumia mnyororo mtupu kwa uwiano wa 5 kwa 1, yaani mita 5 za mnyororo kwa kila mita 1 ya kina, unahitaji mita 40. Aliyehesabu kwa zile mita 4 alizoziona peke yake ataachia mita 20 na kulala kwa amani; maji yakijaa usiku, atakuwa na uwiano wa mbili na nusu tu, nanga itavutwa kwenda juu badala ya kuvutwa kwa ulalo, na itang'oka.

Sasa geuza. Umefika maji yakiwa yamejaa, kina ni mita 5, na yatashuka mita 3 na nusu. Itabaki mita 1 na nusu. Kama mkuku wa mashua yako, yaani uti wake wa chini, unahitaji mita 1.8, utakuwa umekaa juu ya chini ya bahari, na kama hiyo chini ni tumbawe, mashua na tumbawe vitasagana hadi maji yarudi. Kabla ya kuachia nanga, sema kwa sauti mbele ya wenzako: maji ni saa ngapi, yanakwenda wapi, na yatabakiza kiasi gani.

Nitumie mnyororo au kamba? Kwetu kamba imetutosha siku zote.

Karibu na matumbawe, tumia mnyororo. Kingo za tumbawe ni kali kama msumeno, na kamba ya nailoni iliyonona inaweza kukatwa katika usiku mmoja wa kuyumbayumba bila wewe kusikia chochote. Mnyororo pia una uzito unaosaidia: wa milimita 8 una karibu kilo 1.4 kwa kila mita, na wa milimita 10 una zaidi kidogo ya kilo 2.2. Uzito huo hulaza sehemu ya mwisho chini, ili nanga ivutwe kwa ulalo. Kwa mnyororo mtupu, uwiano wa 4 au 5 kwa 1 unatosha katika hali ya kawaida. Kwa mnyororo mfupi uliounganishwa na kamba, hesabu 7 kwa 1. Upepo ukiwa mkali, ongeza bila ubahili, alimradi nafasi ipo.

Kamba hata hivyo ina kazi yake moja nzuri. Mnyororo haunyumbuki, na ukikazwa na dhoruba hupiga mashua kama nyundo. Funga kamba ya nailoni ya mita 5 hadi 10 kutoka kwenye nguzo imara ya omo hadi kwenye mnyororo, kisha legeza mnyororo kidogo ili mzigo wote uchukuliwe na kamba. Nailoni itavutika na kurudi, nanga haitakurupushwa, nawe utalala bila kelele za chuma.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wengi hawalioni. Nanga huumiza mahali ilipoangukia. Mnyororo huumiza duara zima. Upepo ukigeuka, maji yakibadili mkondo, mashua inazunguka, na mita 20 za chuma zinafagia chini kama ufagio. Tumbawe lililoko hatua 15 kutoka kwenye nanga yako iliyokaa vizuri mchangani linaweza kufa kwa sababu ya mnyororo huo.

Nanga ya aina gani inafaa?

Kwa mchanga, nanga yenye umbo la jembe au la koleo, inayochimba na kujigeuza upepo unapogeuka. Umbo la jembe la plau lilibuniwa na Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1933, na zilizofuata zimeliboresha. Nanga yenye mabapa mawili mapana hushika mchanga kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake, lakini hupenda kung'oka mashua ikigeuka upande mwingine. Ni nzuri kuwa ya pili. Nanga yenye kucha nne ambayo wavuvi wetu huitumia ni ya kudandia mawe. Kwenye Kivu inafaa. Karibu na tumbawe hai iache bandarini, kwa sababu inaharibu kwa makusudi ya umbo lake.

Nitie nanga kwa hatua zipi?

Kwanza zunguka polepole mahali ulipopachagua, ukitazama chini na kuhakikisha kwamba mchanga unatosha kwa duara lote la mashua. Duara hilo ni pana kuliko watu wanavyofikiri: mnyororo wa mita 40 na mashua ya mita 12 vinadai nusu kipenyo cha karibu mita 50. Kisha elekeza omo kwenye upepo, au kwenye mkondo ikiwa mkondo una nguvu zaidi, uje taratibu hadi mashua isimame yenyewe juu ya mchanga. Teremsha nanga hadi iguse chini. Usiitupe. Nanga inayotupwa hutua chini ya rundo la mnyororo wake na kujifunga.

Mashua ikianza kurudishwa nyuma na upepo, achia mnyororo kwa mwendo huo huo ili ulale kwa mstari. Ukifikia uwiano wa 3 kwa 1, shikilia kidogo, nanga iume. Kisha achia uliobaki. Mwisho tia gia ya kurudi nyuma, polepole kwanza, halafu kwa nguvu zaidi kwa nusu dakika.

Nitajuaje kwamba nanga imeshika kweli?

Wakati injini inavuta nyuma, tazama alama mbili za nchi kavu zinazopandana ubavuni mwako, kwa mfano mnazi ulio mbele ya paa la nyumba. Zikibaki zimepandana, umesimama, zikiachana, unaburuzwa. Weka mguu au kiganja juu ya mnyororo: ukitetemeka na kugugumia, nanga inakwaruza kitu.

Halafu ingia majini. Hili ni tunu ambalo bahari za joto zinatupa na ambalo bahari za baridi haziwapi wenzetu: maji ni safi, yana joto, na kwa miwani ya kuzamia na kipumulio unaogelea juu ya mnyororo wako hadi kwenye nanga na kuiona kwa macho. Kama imejizika, rudi ukanywe chai. Kama imelala ubavu, au mnyororo unapita karibu na kichwa cha tumbawe, ng'oa na uanze tena. Hakuna nahodha mzuri anayeona haya kutia nanga mara tatu.

Nifanyeje ikiwa mchanga ni kiasi kidogo na vichwa vya matumbawe vimetapakaa?

Nijibu kwa kilichonipata. Msimu wangu wa kwanza pwani tulitia nanga katika ghuba tulivu. Mchanga ulikuwa mweupe, vichwa vitano au sita vya matumbawe vilikuwa mbali kidogo, nami niliyekuwa omo nilisema panafaa. Usiku upepo ulikufa, mkondo ukatuzungusha, kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine. Kulipokucha mnyororo ulikuwa umekizunguka kichwa kimoja mara moja na nusu, umekaza, na mashua ilikuwa inavutwa chini kila wimbi lilipoinua omo. Tulitumia karibu saa tatu kuufungua, mmoja akizamia na mwingine kwenye usukani. Nilipozamia mara ya mwisho niliona mfereji mweupe uliokatwa kwenye tumbawe, mpana kama kiganja, na samaki wadogo waliokuwa na makao pale wakizunguka bila kujua pa kuingia. Mfereji ule sijausahau. Ninapowafundisha vijana hapa Bukavu, huanza na habari hiyo.

Sasa nafanya mambo mawili. La kwanza ni kuuinua mnyororo kwa maboya. Unaacha sehemu inayoanzia kwenye nanga, kiasi cha mara moja na nusu au mbili ya kina, ilale mchangani. Baada ya hapo unafunga boya dogo, mengine mawili au matatu yanafuata kwa nafasi ya mita 5 au zaidi, ili mnyororo uliobaki uelee katikati ya maji na kupita juu ya vichwa vya matumbawe. Upepo ukikaza, maboya huzama kidogo na kuurudisha mvuto ukiwa laini. Ukitulia, mnyororo haugusi chini. Mabaharia wa visiwa vya Tuamotu, katika Bahari ya Pasifiki, wanaitumia sana njia hii.

La pili ni kutumia nanga mbili, ya omo na ya tezi (nyuma ya chombo), ili mashua isizunguke. Njia hiyo inafaa hali ya hewa ikiwa shwari na mkondo ukijulikana. Upepo ukija kwa ubavu, nanga zote mbili zitaelemewa, kwa hiyo usiiache mashua peke yake.

Na kama hakuna mchanga wa kutosha kwa njia yoyote, ondoka.

Nyasi bahari je? Hazina uhai wa thamani kama tumbawe.

Zina thamani kubwa. Kasa na nguva wanazila, samaki wengi hukulia humo. Tena nanga hutelezea juu ya majani bila kujizika. Tafuta mchanga mtupu.

Mahali penye maboya ya kufungia mashua nifanyeje?

Funga kwenye boya na uache nanga yako ndani ya chombo. Katika sehemu nyingi zilizohifadhiwa kutia nanga juu ya mwamba kumekatazwa kabisa. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kimehifadhiwa tangu 1994, na kwenye mwamba wake hakuvuliwi wala hakutiwi nanga. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza ya Tanzania, na huko Kenya hifadhi za Malindi na Watamu ni za tangu 1968. Uliza ofisi ya hifadhi kabla ya kuingia, lipa ada inayotakiwa, na ufuate maelezo ya askari wa hifadhi hata kama mashua nyingine hazifuati.

Boya lenyewe lichunguze. Zamia utazame kamba yake na pingu yake, kwa sababu boya la kupendeza linaweza kuwa limefungwa kwa kamba iliyooza.

Nijikinge na upepo gani?

Pwani ile ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Chagua upande wa kisiwa ulioupa mgongo upepo wa msimu. Ukisimama nyuma ya mwamba ulio nje baharini, utapata maji laini hata upepo ukivuma, kwa kuwa mwamba huvunja mawimbi. Lakini hauvunji upepo, na nguvu ya upepo juu ya mashua huongezeka mara nne kasi yake ikiongezeka mara mbili. Maji laini yasikudanganye ukafupisha mnyororo.

Vimbunga hufika mara chache karibu na ikweta, ila havikosekani: Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Sikiliza utabiri kila siku.

Usiku kuna wajibu gani?

Washa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, iliyo juu. Ndivyo Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinavyotaka kwa chombo kilichotia nanga chenye urefu wa chini ya mita 50. Mchana ning'iniza mpira mweusi sehemu ya mbele. Wavuvi wa ngalawa hupita usiku bila injini na bila kelele, nao wana haki ya kukuona. Amka wakati maji yanapogeuka, utazame alama zako, urudi kulala.

Maneno ya watu wa pwani yananishinda. Ni yapi ya lazima?

Omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma. Amari ni kamba au mnyororo wa nanga. Baura ni nanga kubwa ya chuma. Bamvua na maji mafu nimeyaeleza. Ukiambiwa kuna "kipwa", ni mwamba au fungu linalojitokeza maji yakipwa. Usijifanye umeelewa, watu wa pwani wanamheshimu anayeuliza, na neno "shikamoo" kwa nahodha mzee litakufungulia mengi kuliko cheti.

Je, naweza kufanya mazoezi hapa kwetu kabla ya kwenda?

Unaweza, na ninakuhimiza. Ghuba za upande wa Bukavu zina kina kidogo kuliko kaskazini, na kuna pembe chache zenye mchanga au tope ambapo nanga inashika. Jizoeze kuteremsha bila kutupa, kuhesabu mnyororo kwa alama za rangi kila mita 5, kusoma alama mbili zinazopandana, na kuelewana kwa mikono. Kujaa na kupwa huwezi kukufanyia mazoezi hapa. Chora hesabu kwenye daftari hadi izoeleke. Wenzetu wa Goma wakae mbali na mabonde madogo ya ufukoni yanayojulikana kuwa na mazuku, yaani mikusanyiko ya hewa ya ukaa inayoua, kwa sababu hewa ile nzito haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala chini ndani ya chombo kilichofungwa humo hawezi kuitambua.

Nanga imekwama. Niing'oeje?

Usiivute kwa nguvu za injini. Kwanza sogeza mashua mbele taratibu huku mwenzako akikusanya mnyororo, hadi uwe wima kabisa chini ya omo. Mara nyingi wimbi litainua omo na nanga itaachia yenyewe. Isipoachia, legeza mnyororo na uzunguke polepole hadi upande wa pili wa ulikotoka, uvute kidogo kutoka huko, kwa kuwa iliyoingia kwa njia moja hutoka kwa njia ile ile. Bado imekwama? Zamia utazame, kama kina kinaruhusu na kama mkondo ni mdogo, huku mtu akibaki juu akikuangalia na injini ikiwa imezimwa. Usiingize mkono kati ya mnyororo na tumbawe hata mara moja. Wimbi moja linatosha kuvunja vidole.

Ikishindikana, funga boya mwisho wa mnyororo, uuachie, na uite mzamiaji wa mahali hapo mwenye mtungi wa hewa. Utamlipa, lakini utapata nanga yako, na yeye anaujua mwamba ule kuliko wewe. Nanga ikipanda, itazame kabla ya kuiweka mahali pake: mchanga suuza kwa maji ya bahari, na kipande cha tumbawe kikiwa kimenasa kwenye ncha, kirudishe majini pale pale ulipokitoa.